Moto Uje kwa Wakati Wake: Nilivyotoa Pointi kwenye Honda ya Zamani

Pikipiki ya zamani ikianza kusumbua, wa kwanza kulaumiwa ni kabureta. Itafunguliwa, itaoshwa na petroli, jeti zitapulizwa, itarudishwa, na baada ya siku mbili ni yale yale. Nimekaa sana kwenye magereji ya huku kwetu Mombasa, ya Majengo, ya Kongowea, mpaka ng'ambo Likoni, na nasema haya kwa moyo mweupe kabisa: hizi Honda na Yamaha za miaka ya 70, hasa zile ambazo watu wamekata kiti na kubadilisha ekzosi zikageuzwa skrambla ama kafe resa, mara nyingi shida yao si mafuta, ni moto. Na nikisema moto sisemi kwamba cheche ni ndogo au haipo, hapana, ukichomoa plagi ukaigusisha kwenye injini ukapiga kiki utaiona cheche yatoka vizuri tu. Shida ni kwamba yatoka wakati si wake.

Yangu mimi ni Honda CB125S, silinda moja, kamshafti (shafti ya kufungua valvu) juu, umeme wa volti 6. Niliipata ikiwa ishafanyiwa mengi: ekzosi fupi iliyo wazi, boksi la filta limetolewa ikawekwa filta ya koni, kabureta ya asili imeondolewa ikafungwa PZ27 ambayo ni ya hizi boda za siku hizi. Kwa macho ni pikipiki nzuri sana, ukipita nayo Mama Ngina Jumapili jioni watu wageuka. Lakini kwenye umeme hakuna aliyegusa kitu cha maana tangu itoke kiwandani, na ndo zilivyo pikipiki nyingi za kumodifai, pesa yaenda kule kunakoonekana, rangi, kiti, usukani, taa ya duara, alafu ile sehemu inayoamua injini iwake vipi inaachiwa waya za zaidi ya miaka 40.

Wacha nieleze hizi pointi zafanya nini, manake bila hapo huwezi kujua wabadilisha nini na kwa sababu gani. Mfumo wenyewe ni ule aliouunda Charles Kettering kule Marekani, ukaingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1910, na wazo lake halijabadilika sana mpaka leo. Umeme wa betri unapita kwenye koili, na ndani ya koili mna nyaya mbili zilizosokotwa, moja nene ya mizunguko michache na moja nyembamba ya maelfu ya mizunguko. Pointi ni swichi tu, vyuma viwili vidogo vinavyogusana. Zikiwa zimegusana umeme unapita na koili inajaa sumaku, kamshafti ikizunguka inasukuma mguu wa pointi, pointi zinaachana, umeme unakatika ghafla, ile sumaku inaporomoka, na kwenye ule waya mwembamba unazaliwa umeme wa maelfu ya volti unaoruka kwenye plagi. Kondensa iko pale kando kufanya ule mkato uwe safi, ikifa cheche inahamia kwenye pointi zenyewe na kuzichoma mpaka ziwe nyeusi. Kwa hivyo shika hili moja: moto unatoka pale pointi zinapoachana. Saa ya kuachana ndo saa ya moto.

Na hiyo saa ni ndogo kweli kweli. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, krenki inakata digrii 18 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikifika 6000 ni digrii 36. Mchanganyiko wa hewa na petroli hauungui wote papo hapo, unachukua muda, ndo maana cheche lazima itangulie kabla pistoni haijafika juu, ili ule msukumo mkubwa uje pistoni ikiwa ishapita juu na kuanza kushuka, digrii 15 hivi baadaye. Moto ukichelewa, petroli inaungua huku pistoni ishaondoka, nguvu inapotea, joto linaingia kwenye ekzosi na kichwa cha silinda kinachemka. Ukiwahi sana, pistoni inapanda huku yasukumwa chini, utasikia injini yagonga mlimani, na ukipiga kiki itakurudishia mguu kwa nguvu mpaka uumie goti. Na kwa sababu mwendo unabadilika, kule kutangulia nako lazima kubadilike, ikinguruma imesimama moto hutangulia kidogo tu, ikishika kasi unatangulia digrii 30 na kitu. Kwenye Honda hizi kazi hiyo yafanywa na vizito viwili vidogo vyenye springi nyuma ya sahani ya pointi, mwendo ukizidi vinatanuka na kuisogeza mbele kamu ya pointi, kile kinundu kinachousukuma mguu wa pointi. Ukifungua kifuniko cha upande wa magneto utaona alama zimechongwa kwenye rota, lile gurudumu la sumaku linalozunguka na krenki, T ndo pistoni iko juu, F ndo pahali pa moto ikinguruma, alafu vistari viwili sambamba vya advansi kamili, advansi ndo huko kutangulia kwa moto.

Sasa yanakoharibika. Mguu wa pointi ni kipande kinachosugua kwenye kamu siku zote, kinalika, na kikilika mwanya wa pointi unapungua na zinachelewa kuachana, kwa hivyo moto unachelewa polepole, polepole mpaka huoni, waona tu pikipiki imekuwa nzito. Vile vyuma vyenyewe vikichomeka mwanya unaongezeka na moto unawahi. Yote mawili yatokea kwa wakati mmoja na kwa kasi tofauti. Mwanya wenyewe Honda wanataka milimita 0.3 hadi 0.4, yaani uko kwenye mchezo wa karatasi chache. Na kwenye hii CB pointi ziko kwenye ncha ya kamshafti, na kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hivyo kosa la digrii moja pale juu ni digrii mbili kule chini kwenye pistoni.

Ongeza hewa yetu. Chumvi ya bahari haibagui, ukiweka pikipiki uani karibu na pwani asubuhi waipata imelowa ukungu wa chumvi hata kama mvua haijanyesha, na msimu wa kusi ndo balaa. Pointi zinashika utando, springi za advansi zinashika kutu, vile vizito vinakwama vikiwa vimetanuka. Hii ya vizito kukwama imesumbua watu wengi sana na hawaijui: pikipiki unaiachia mafuta lakini injini inakataa kushuka, inabaki juu yapiga kelele kwenye foleni ya feri, fundi anakimbilia tena kabureta, anakaza springi ya slaidi, kumbe ni advansi imeganda.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa umeme wa magari, sisi twamuita Ami tu. Siku niliyompelekea pikipiki hakugusa kabureta kabisa. Alitoa ile taa yake ya taimingi, akaiunga kwenye betri ya gari iliyokuwa pale kando kwa sababu betri yangu ndogo haingeiwasha, akabana klipu yake kwenye waya wa plagi, akaniambia nitie rangi nyeupe ya kucha kwenye alama ya F. Taa ile inawaka kila plagi ikitoa moto, kwa hivyo alama inaonekana kama imesimama. Ya kwangu haikusimama. Ilikuwa yacheza huku na huku, yapotea, yarudi.

"Waona, mwanangu," akasema, "moto waja. Lakini waja upendapo wenyewe."

Nikamwambia, "Ami, si niweke tu koili kubwa ya resing?"

"Koili kubwa itakupa moto mkubwa wakati si wake. Yakusaidia nini?"

Hapo nataka nikae kidogo kwa sababu hizi koili za rangi rangi zinauzwa kila duka la spea za boda, nyekundu, buluu, na kwenye boksi imeandikwa volti elfu nyingi, na vijana wanatoa pesa. Koili haitoi volti zilizoandikwa kwenye boksi. Volti zinapanda mpaka zitoshe kuruka ule mwanya wa plagi chini ya kompresheni ya injini yako, zikisharuka basi, hazipandi tena. Kama injini yako yahitaji volti 12,000 kuruka, koili ya 40,000 itaruka kwa hizo hizo 12,000. Uwezo wa ziada unasaidia ikiwa umeongeza kompresheni au umetanua mwanya wa plagi au injini yazunguka kasi mno, na hata hapo lazima kitu kinachoikata koili kiwe sawa. Na jambo la hatari zaidi: koili za CDI (mfumo mwingine wa moto, nitaueleza mbele kidogo) zina waya wa kwanza, ule mnene, wenye ukinzani mdogo sana, chini ya omu 1, ukiifunga kwenye pointi umeme utakaopita ni mwingi kuliko pointi zinavyoweza, zitachomeka mara moja na koili yenyewe itapata joto. Pima kwa mita kabla hujanunua, yeyote asikuambie koili ni koili.

Njia zilikuwa kadhaa. Ya kwanza, kuweka pointi mpya na kondensa mpya, kusafisha advansi na kuendelea, na wallahi kwa mtu anayetumia pikipiki yake mara moja moja na haijaguswa injini, hiyo yatosha, usidanganywe. Ya pili, kuziacha pointi lakini zisibebe umeme wa koili, zibebe umeme kidogo tu wa kuamrisha transista, na transista ndo ikate koili. Pointi haziungui tena, lakini mguu unaendelea kusugua na kulika, kwa hivyo tatizo la wakati liko pale pale. Ya tatu ni CDI.

CDI ndo kila mtu anaitaja, na wazo lake ni la zamani kuliko watu wanavyofikiria, Nikola Tesla alipata hataza ya namna hiyo ya kuwasha injini mwaka 1898, na Kawasaki H1 ilipotoka mwaka 1969 ilikuja nayo. Badala ya kujaza koili sumaku, unajaza kapasita kwa volti mia mbili hadi mia nne hivi alafu unaimwaga yote kwa mpigo kwenye koili. Cheche yake ni kali na ya haraka, inaweza kuruka hata plagi ikiwa imelowa oili. Leo karibu kila boda inayopita barabarani ina CDI, spea zake ziko kila kona kuanzia Mwembe Tayari mpaka Mtwapa, na rangi za waya za zile za mtindo wa Honda fundi yeyote kijana anazijua kwa kichwa: nyeusi na nyekundu ni ya kutoka koili ya magneto, buluu na nyeupe ni ya pikapu (kile kijikoili kinachoiambia CDI saa ya kupiga moto), kijani ni athi, nyeusi na njano yaenda kwenye koili ya plagi, nyeusi na nyeupe ni ya kuzima.

Kwa nini basi sikuweka CDI ya boda? Kwanza rota yangu haina ule mgongo wa kuamsha pikapu wala stata yangu, zile koili zilizokaa tuli ndani ya magneto kuzalisha umeme, haina koili ya kulisha CDI, na magneto ya injini nyingine huwezi kuipachika tu hivi hivi, shafti na koni yake lazima zilingane. Pili, na hili ndo watu wengi wanalisahau, CDI nyingi za sasa zina advansi yake ndani, imepangwa kwa injini iliyokusudiwa. Ukiitegesha kwenye kamshafti yenye vizito vya advansi utapata advansi mara mbili, ya vizito na ya CDI, na injini itagonga mpaka pistoni itoboke. Itabidi uvifunge vizito visitembee. Tatu, cheche ya CDI ni fupi mno kwa muda, na injini yenye filta wazi na ekzosi wazi mara nyingi yaenda na mchanganyiko mwembamba kwenye mwendo wa chini, hapo cheche inayodumu kidogo ya mfumo wa koili inaushika moto vizuri zaidi. Hayo ya mwisho ni maoni yangu na nayasimamia.

Nilichochagua ni sensa ya Hall. Edwin Hall aligundua mwaka 1879 kwamba ukipitisha umeme kwenye bapa jembamba na ukaleta sumaku, inatokea volti ndogo kwa upande. Kama miaka mia baadaye magari yakaanza kuitumia ndani ya distribyuta, kile kifaa cha kugawa moto kwa plagi, na kwa pikipiki kubwa za silinda nne kuna seti kama Dyna S ambazo zafanya hivyo hivyo, zinatoa pointi na kuacha vizito vya advansi vifanye kazi yao. Uzuri wa Hall juu ya ile pikapu ya kawaida ya waya na sumaku ni kwamba pikapu inategemea mwendo, ukizungusha polepole inatoa ishara dhaifu, na kamshafti wakati wapiga kiki inazunguka polepole sana. Hall haijali mwendo. Sumaku ipo au haipo, basi.

Sensa tuliitoa kwenye distribyuta ya gari la Ulaya la miaka ya 80, pamoja na moduli yake, kile kisanduku cha elektroniki kinachokata umeme wa koili, vitu ambavyo wauzaji wa spea za kale bado wanavyo. Sensa za gari zimeundwa kustahimili joto, na hili ni muhimu kwa sababu yangu inakaa kwenye kichwa cha silinda, na kwenye foleni ya feri saa nane mchana pale hapashikiki. Zile sensa za bei rahisi za kuchezea elektroniki nyingi zimeandikwa mwisho digrii 85, za gari zafika 150. Na sumaku nayo, zile sumaku nyeupe za nguvu nyingi za kawaida zikipita digrii 80 hivi zinaanza kupoteza nguvu na hazirudi, kwa hivyo usigundishe moja kwenye kamshafti ukafikiri umemaliza. Kwenye sensa ya distribyuta sumaku iko ndani yake tayari, kinachozunguka ni kipande cha bati la chuma tu kinachopita katikati.

Hicho kipande ndo tulichonga kwa fundi wa leithi. Kinafungwa pale kamu ya pointi ilipokuwa, juu ya vizito vya advansi, na bati lake limekatwa robo ya duara. Bati likiwa ndani ya sensa koili inajazwa, bati likitoka moto unapiga. Kwa nini robo? Koili niliyoweka ina omu 3, kwa volti 12 haiwezi kupita ampea 4, na ikijazwa robo tu ya mzunguko, kwa wastani haifiki ampea moja. Stata ya 125 ya zamani haina umeme wa kutapanya. Na kwa upande mwingine, hata injini ikiwa 9000, kamshafti iko 4500, robo ya mzunguko wake ni kama sehemu tatu na kitu za elfu ya sekunde, muda wa kutosha koili kujaa. Jambo la kumsisitizia fundi wa leithi ni kwamba ule ukingo wa bati unaotoka lazima uwe umenyooka na mkali, na kile kipande kizunguke bila kuyumba hata chembe, kwa sababu ule ukingo sasa ndo saa yako.

Moduli yataka volti 12, kwa hivyo volti 6 ikabidi iondoke. Hili lawatisha watu bila sababu. Stata ile ile ya zamani inaweza kutoa volti zaidi, ilikuwa imeshikwa chini na betri ya 6 tu. Niliweka betri ndogo ya 12, regyuleta-reaktifaya ya boda ya waya nne, kijani athi, nyekundu betri, mbili zaenda kwa stata, alafu balbu zote zikabadilishwa na honi, taa kubwa ikawa ya LED ili isinyonye. Ukimaliza weka mita kwenye betri, ongeza mwendo, wataka uone kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikipita 15 simamisha, regyuleta haifai, itakuulia betri na moduli pia. Kwenye mwendo wa chini kabisa ya kwangu haichaji sana, huo ndo ukweli wa stata ile, mtu wa kusimama simama mjini siku nzima na taa imewaka alijue hilo.

Kabla hata ya kufunga hivyo vitu kuna kazi mbili za lazima, na ukiziruka usilaumu elektroniki. Cheni ya kamshafti ikazwe. Sensa imekaa kwenye kamshafti, na kamshafti inavutwa na cheni, cheni ikiwa imelegea au imechoka inapiga piga na wakati wa moto unayumba nayo, hata uweke sensa ya ndege. Nusu ya ule mchezo wa alama yangu ulitoka pale, uliisha kabla pointi hazijatolewa. Ya pili ni vile vizito, vitolewe, vioshwe, viwekwe grisi kidogo tu, springi zirudi zenyewe ukizitanua kwa kidole na kuachia. Springi iliyolegea itakupa advansi mapema na huwezi kuirekebisha kwa sahani.

Waya. Hapa pwani ningesema waya ni nusu ya kazi yote. Ukikata waya wa zamani wa pikipiki iliyokaa Mombasa utakuta shaba ya ndani imekuwa ya kijani au nyeusi kwa urefu wa kidole na zaidi kutoka kwenye konekta, na hapo volti zapotea. Nilivuta waya mpya wote wa moto, nikaweka fyuzi yake peke yake, na athi nikaipeleka waya mzima kutoka kwenye moduli mpaka kwenye injini na mpaka kwenye betri, sio kutegemea bolti ya chasi iliyopigwa rangi. Pikipiki za kumodifai zina ugonjwa huu, chasi imetiwa rangi nene ya kupendeza, alafu athi zote zimefungwa juu ya rangi. Kwangua mpaka chuma, funga, alafu ndo upake grisi juu. Konekta zote ndani mna grisi ya kuzuia maji. Moduli imekaa chini ya tangi kwenye bati la alumini ili joto lipate pa kwenda, na waya wa sensa umepita mbali na waya wa plagi. Kifuniko cha plagi kiwe cha omu 5,000, kile chenye ukinzani, usiweke cha waya mtupu, kelele za umeme wa plagi zinaweza kuichanganya sensa na moduli, ikaanza kukatika katika na utafute ugonjwa usiouona.

Na swichi ya kuzima pia iangaliwe, manake nimeona watu wakiunguza vitu hapa. Kwenye CDI ya magneto unazima kwa kuupeleka waya kwenye athi. Kwenye mfumo wa betri kama huu unazima kwa kukata umeme unaoingia. Ukichanganya, ukiupeleka umeme wa betri kwenye athi, fyuzi inaenda, na kama fyuzi haipo waya zinaungua.

Taimingi tuliifanya jioni kwa Ami, kivuli kikiwa kimeingia ili taa ionekane. Kwanza bila kuwasha, rota kwenye F, sahani inasogezwa mpaka bati liwe ndo linatoka kwenye sensa, inakazwa. Ikawashwa. F ikasimama. Haikuwa yatetemeka, ilisimama kama imechorwa pale. Akaongeza mafuta taratibu, alama ikapanda bila kuruka mpaka kwenye vistari viwili na ikatulia hapo. Ami akaizima akaniambia, "Sasa hiyo kabureta yako yaweza kurekebishika." Na kweli, kabla ya hapo tulikuwa twabadilisha jeti kwa kubahatisha, wapanda namba moja yaonekana imepona, kesho yaharibika, kwa sababu moto wenyewe ulikuwa wahama. Na pale tu ndo nilipoona kwamba jeti kuu ilikuwa ndogo kwa ile ekzosi, plagi ilikuwa nyeupe mno. Watu wengi wa pikipiki za kumodifai wanaoongeza advansi kutafuta nguvu, shida yao ni mchanganyiko mwembamba. Nenda na alama za kiwanda kwanza, rekebisha mafuta usome rangi ya plagi, alafu ndo ufikirie kusogeza sahani. Na kama umeweka pistoni ya kompresheni kubwa, mchanganyiko unaungua haraka zaidi, huenda ukahitaji advansi ndogo, sio kubwa.

Barabarani tofauti niliiona zaidi kwenye ule mlima wa kutoka Kombani kupanda Kwale. Ule mlima ni mtihani mzuri, mrefu, na joto la pwani uko nalo. Zamani nikifika katikati nashusha gia, nguvu zaisha, na nikisimama juu kichwa cha silinda chanuka moto. Sasa yapanda kwa gia ya juu yake, haigongi, na nikiachia mafuta juu kule inashuka papo hapo na kutulia ikinguruma. Mwendo wa juu kabisa haukuongezeka sana, sitaki kukudanganya, ni 125. Kilichoongezeka ni kwamba leo na kesho na baada ya mvua ni pikipiki ile ile, kiki ya kwanza ama ya pili.

Elektroniki ikifa inakufa bila kuaga, pointi zinakupa dalili, na hili ndo jambo ambalo wapenzi wa pointi wanalisema na wana haki. Kwa hivyo sikutupa kitu. Sahani nzima ya pointi pamoja na kamu yake na kondensa nzuri iko chini ya kiti ndani ya mfuko wa nailoni, imeshapimwa mwanya, na kwa kuwa koili yangu ina omu 3 itazibeba pointi za dharura kunirudisha nyumbani. Koili ya omu nusu ya gari isingeniruhusu hivyo, ndo sababu nyingine sikuichagua. Kazi ya kubadilisha yataka bisibisi na spana moja na taa ndogo ya kujaribia ya balbu: waya mmoja kwenye pointi, mwingine athi, swichi imewashwa, rota kwenye F, balbu ikianza kuwaka ndo pointi zimeachana. Fundi yeyote kati ya hapa na Lunga Lunga aweza kufanya hivyo.

Kama yako ni zile za kuchanganya petroli na oili, Yamaha DT na wenzake, hii habari ya kamshafti haikuhusu kwa sababu haina kamshafti. Pale moto unapiga kila mzunguko wa krenki, nyingi zao hazina vizito vya advansi, na wakati wa moto unapimwa kwa milimita za pistoni kabla ya kufika juu, kwa geji inayoingia kwenye tundu la plagi. Kwa hizo mimi ningeenda moja kwa moja kwa magneto ya CDI ya modeli ya baadaye ya pikipiki hiyo hiyo, rota na stata na CDI zitoke pamoja zikiwa seti, manake haitaki betri na hakuna cha kuchonga. Ila kabla hujatoa pesa, peleka rota ya zamani dukani, uifananishe koni yake na ile mpya kwa macho yako, na ujaribishe funguo ya shafti iingie bila kusukumwa.